Ute Mwekundu na Kiwanja Kitupu

 Leo tutazungumzia jambo dogo linalokaa nyuma ya kioo na kuwakera watu wazima hadi wakatamani kuuza kila kitu: ute mwekundu unaotanda ndani ya tangi jipya la maji ya chumvi. Nasema tangi lile la sebuleni, au la ukumbi wa hoteli, ambalo mwenyewe amejaribu kuweka ndani yake kipande cha mwamba wa bahari. Kuna mchanga mweupe, mawe, matumbawe mawili matatu, na samaki wa mapambo wenye rangi kama khanga za sikukuu. Wiki za kwanza kila kitu kinang'aa na wageni wanasifu. Halafu siku moja taa zinawashwa, na juu ya mchanga kumetandikwa kitu kama kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, laini, chenye utelezi, na viputo vya hewa vimenasa juu yake. Mwenye tangi anakifuta. Kesho kimerudi. Anakifuta tena, na keshokutwa kimerudi na ndugu zake.

Hapo swali linalomjia mtu huwa moja tu: nitauua kwa nini uchafu huu? Anauliza dukani, anauliza marafiki, na kila mmoja ana chupa ya kumwuzia au dawa ya kumtajia. Mimi jioni hii nataka tuliangalie swali lenyewe kabla ya kulijibu, kwa sababu naona linampeleka mtu njia ndefu. Ukiuliza utauua kwa nini, utapata jibu la kuua, na utaua kweli, na wiki mbili baadaye utakuwa umesimama mbele ya kioo kile kile ukiuliza tena. Afadhali kuuliza: hapo palipokaa ute, nani alistahili kuwa amekaa, na kwa nini hayupo? Tangi jipya, msikilizaji, haliumwi. Tangi jipya lina nafasi tupu. Nishikie maneno hayo, maana nitayarudia: lina nafasi tupu.

Tuanze na jina. Watu wengi huuita ute huu mwani, na si ajabu, kwa kuwa unakua ndani ya maji na unapenda mwanga. Lakini mwani tunaoujua sisi, ule unaofungwa kwenye kamba na kina mama wa Paje na Jambiani maji yakipwa, ni kiumbe mwingine kabisa. Ute huu ni bakteria. Wataalamu huwaita sainobakteria, na sifa yao kubwa ni kwamba wanajipikia chakula kwa mwanga, kama afanyavyo mnazi au mchicha. Rangi yao si lazima iwe nyekundu. Wapo wa zambarau, wa kijani kibichi, na wengine weusi kabisa. Nao ni wakongwe mno. Yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, kabla ya samaki, kabla ya konokono, kabla ya jani lolote kuota nchi kavu, hao ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni. Vile viputo unavyoviona juu ya kitambaa chekundu mchana ni oksijeni hiyo hiyo, inatengenezwa mbele ya macho yako. Na kuna maelezo yanayosimuliwa sana kwamba Bahari ya Shamu ilipata jina la Bahari Nyekundu kutokana na ndugu wa ute huu, wale wanaoelea juu ya maji na kuyageuza rangi kwa majira. Siwezi kuapa juu ya asili ya jina la bahari, majina yana historia nyingi. Ila bakteria hao wamo humo, na jina lao la kisayansi limebeba neno la Kigiriki lenye maana ya wekundu.

Kabla hatujaendelea, hakikisha unachokiona ndicho tunachokizungumzia. Ukiona vumbi la kahawia kwenye kioo na mchanga, jepesi, linalofutika kwa kidole bila kuvutika, hilo ni jamii ya viumbe wadogo waitwao diatomu. Hao huvaa ganda la silika, kitu kile kile kinachotengeneza kioo, na huja mapema sana katika maisha ya tangi, wakala silika iliyomo kwenye maji na mchanga, ikiisha nao wakaisha. Ukiona nyuzi za kahawia kama kamasi, kila uzi una kiputo nchani, na konokono wako wanaanza kulegea na kufa, hapo una viumbe wengine wadogo waitwao dinoflajelati, na hao ni habari nyingine yenye ukali wake. Ute tunaousema leo hutoka kama shuka. Ukiuvuta ukingo mmoja, kipande kizima kinanyanyuka. Mchana unatanuka, usiku taa zikizimwa unanywea, asubuhi mtu anadhani ameshinda, saa nane mchana umerudi. Kama una darubini hata ile ya wanafunzi, tone moja linatosha kukata shauri: utaona nyuzi nyembamba zilizosukana kama ukili wa mkeka.

Sasa twende Australia kidogo, nitakurudisha. Upande wa magharibi wa nchi ile, katika ghuba iitwayo Shark Bay, kuna sehemu inaitwa Hamelin Pool. Ukitembea ufukweni pale maji yakipwa unakuta mafundo ya mawe yamesimama kama viti vya baraza, mengi kwa mengi. Mawe hayo yamejengwa na tando za bakteria wa jamii ya ute wetu. Utando mmoja hunasa mchanga, mwingine hukua juu yake, hivyo hivyo kwa karne nyingi. Mawe ya namna hii, yaliyogeuka visukuku, yanapatikana sehemu nyingi za dunia na ni ya kale sana, kwa maana kwamba zamani hizo bahari za kina kifupi zilijaa tando kama hizo. Mbona leo hazijai? Mbona ukienda Watamu au Mafia hukuti ute umefunika kila kitu, wakati mwanga upo, joto lipo na bakteria wenyewe wamo ndani ya maji? Jibu linalotolewa na wengi waliopatazama Hamelin Pool ni kwamba maji ya pale yana chumvi karibu mara mbili ya bahari ya kawaida, kwa hiyo konokono na walaji wengine wengi hawawezi kuishi humo kwa wingi. Wakiondoka walaji na majirani, bakteria hawa hurudia ufalme wao wa zamani.

Unaona tunapoelekea? Ute unatawala pale wengine walipokosekana. Na tangi jipya ni nini, kama si bahari ndogo ambayo wengine bado hawajafika? Umenunua mawe makavu dukani, meupe, masafi, hayana hata kiumbe mmoja. Umenunua mchanga ulioshwa ukakauka. Umechanganya chumvi ya mfuko na maji. Kisha ukawasha taa zenye nguvu ya jua la saa sita, ukaweka samaki, ukaanza kuwalisha. Msikilizaji, umefungua kiwanja kitupu katikati ya mji, ukakiwekea umeme na maji, ukakiacha bila ukuta. Unashangaa wavamizi wanapojenga? Yeyote atakayewahi ndiye atakayejenga, na katika viumbe wanaowahi hakuna wepesi kama hawa, ambao hawahitaji mzizi, wala mume na mke, wala msimu.

Kuna ushahidi mwingine, nao unatoka katika historia ya ufugaji wenyewe. Mwaka 1961 mfugaji mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliwaeleza wasomaji wa jarida moja la Marekani namna anavyofuga samaki wa bahari na matumbawe kwa njia aliyoiita ya asili. Hakuwa na mitambo mikubwa. Alikuwa na maji ya bahari, mwanga, hewa inayobubujika, na mawe aliyoyatoa baharini yakiwa hai, yaani yamejaa minyoo, sifongo, vikamba vidogo, mwani wa aina aina na bakteria wasiohesabika. Wenzake wa nchi za baridi, waliokuwa na vichujio vya kila namna, walikuwa bado wanahangaika kuwaweka hai samaki wa mwambani. Aliwashinda kwa nini? Kwa sababu mawe yake yalikuja na wenyeji tayari. Hakuanza na kiwanja kitupu, alihamisha mtaa mzima. Leo wengi wetu tunaanza na mawe makavu, na sababu zake ni nzuri: hayaji na wadudu waharibifu, na hayapunguzi mwamba wa mtu. Ila tukubali bei yake. Jiwe kavu ni nyumba isiyo na watu, na nyumba isiyo na watu huingia popo.

Najua hapa msikilizaji mmoja ameshaanza kutikisa kichwa. Anasema: acha hadithi za viwanja, kila mtu anajua ute unaletwa na uchafu wa chakula, nitrati na fosfati, punguza chakula, vuta virutubisho vyote mpaka kipimo kisome sifuri, ute utakufa njaa. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na sitaki kuupuuza. Katika visiwa vya Line, katikati ya bahari ya Pasifiki, kuna miamba ambako meli zilikwama, chuma chake kikaoza, na watafiti wakakuta mwamba ulio karibu na mabaki umegeuka mweusi kwa mwani mfupi na tando za bakteria hawa, wakati mwamba wa mbali na meli unang'aa kwa matumbawe. Maji ya kule yana chuma kidogo mno kwa asili, kwa hiyo hata kutu ya meli ilikuwa karamu. Basi chakula kina mchango mkubwa, sikatai. Mtu anayemwaga chakula cha samaki kiganja kizima mara tatu kwa siku, kisha akalalamika, ajue kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinajazwa taka.

Tatizo liko kwenye ile sifuri. Baadhi ya bakteria hawa wana uwezo wa kuchukua naitrojeni iliyoyeyuka kutoka hewani na kujigeuzia chakula, jambo ambalo mwani wa kawaida hauliwezi, wala tumbawe peke yake. Wengine wanaweza kujiwekea fosfati ndani ya mwili, akiba ya siku ya njaa. Sasa fikiri: ukinyima mtaa mzima chakula, atakayebaki amesimama ni nani? Ni yule mwenye ghala yake na shamba lake. Wale uliotaka wakae, mwani mwekundu mgumu unaopaka mawe rangi ya waridi, bakteria wasafishaji, matumbawe yenyewe, ndio wanaokonda kwanza. Kisha kipimo kinasoma sifuri, mwenye tangi anafurahi, na ute unazidi kutanda. Au mbaya zaidi, ute unaondoka na mahali pake wanakuja wale dinoflajelati tuliowataja, ambao wafugaji wengi wamewakuta hasa katika maji yaliyovuliwa kila kitu. Na usidanganywe na namba: mara nyingi kipimo husoma sifuri kwa sababu ute wenyewe umeshakula kila kilichokuwemo. Mtu akikuta sahani zimelambwa, si dalili kwamba hapakuwa na wageni.

Lakini bahari yenyewe, mtu atauliza, si ina virutubisho vichache sana karibu na mwamba? Ndiyo, maji ya mwambani huwa na virutubisho vichache ukiyapima kwenye chupa. Ila mwamba haukai ndani ya chupa. Kila saa mkondo unapita na kuleta chembe za chakula, vijidudu vinavyoelea, vinyesi vya samaki. Kidogo kwa kipimo, kingi kwa jumla ya siku. Tangi halina bamvua wala kaskazi. Kwa hiyo acha akiba ndogo: nitrati ionekane kwenye kipimo, miligramu mbili hadi kumi hivi kwa lita, na fosfati isikosekane kabisa. Narudia, kidogo kionekane.

Sasa tuje kwenye dawa, maana ndiko mjadala ulikochemkia. Ute ni bakteria, na bakteria wana dawa. Wapo wanaotumia eritromaisini, antibiotiki ile ile iandikwayo na daktari kwa mtu mwenye maambukizi, na zipo chupa za madukani zinazoahidi kuusafisha ute kwa siku mbili tatu. Je, zinafanya kazi? Mara nyingi, ndiyo. Nisingekuwa mkweli nikikuambia hazifanyi kazi. Mtu anamwaga jioni ya Ijumaa, Jumatatu mchanga ni mweupe. Swali langu ni hili: Jumatatu hiyo, mchanga ule umekaliwa na nani? Haujakaliwa na mtu. Umekifanya kiwanja kiwe kitupu zaidi ya kilivyokuwa. Na dawa haisomi majina milangoni. Bakteria wengine nao, wale waliokuwa wanaanza kujenga, huenda wakapata pigo pamoja na mvamizi. Juu ya hayo, ute unapokufa wote kwa pamoja unaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Samaki huonekana wakihema juu ya maji alfajiri, na katika tangi dogo lenye watu wengi hiyo ni hatari ya kweli. Ndiyo maana hata wauzaji wa dawa hizo husisitiza hewa ibubujishwe kwa nguvu wakati wote. Kisha kuna jambo linalotuhusu sote, wenye matangi na wasio nayo: maji yale yenye antibiotiki humwagwa wapi? Katika karo. Nchi zetu zinahangaika tayari na vidudu vilivyozoea dawa za hospitali. Sioni busara ya kuongezea mafunzo hayo kwa ajili ya mchanga uwe mweupe Jumatatu.

Hata hivyo, sisemi dawa ni haramu. Yupo mwenye tumbawe la gharama, ute umelipanda hadi shingoni, na kila siku ngozi yake inaoza chini ya shuka ile. Kumwambia huyo asubiri mtaa ujijenge ni kumwambia mgonjwa mahututi afanye mazoezi. Huyo aokoe kwanza. Aupulize ute kutoka kwenye tumbawe kwa bomba dogo la sindano isiyo na ncha, aufyonze kwa mpira, alisogeze tumbawe mahali penye mkondo, na akishindwa kabisa atumie dawa akijua gharama zake. Ninachokataa ni dawa kuwa hatua ya kwanza, wakati hakuna kinachokufa isipokuwa subira ya mwenye tangi. Na ningemwuliza pia, kwa upole, tumbawe la gharama lilikuwa linafanya nini ndani ya tangi la wiki sita?

Wapo wanaozima taa siku tatu na kulifunika tangi kwa blanketi. Hii ni nafuu, haina sumu, na matumbawe mengi yenye afya huvumilia giza la siku tatu. Lakini ni ndugu wa dawa. Inapunguza mvamizi, haileti mwenyeji. Ukiifanya, ifanye kama mtu anayefyeka shamba akiwa na mbegu tayari mkononi, si kama mtu anayefyeka kisha akarudi kulala.

Basi mbegu ni zipi? Hapa nataka twende taratibu, maana ndiyo sehemu ya kufanyia kazi. Kwanza uondoe ute kwa kuufyonza, usiusugue. Chukua mpira mwembamba, ufyonze shuka zima utoke nje pamoja na maji, kisha uongeze maji mapya ya chumvi badala ya hayo, sehemu moja ya kumi ya tangi inatosha kwa mara moja. Ukiusugua unaukatakata, na kila kipande ni mche. Kila ukifyonza, umetoa nje chakula ambacho ute ulikuwa umekikusanya kwa niaba yako. Tazama jambo hilo upande huo, utaona kazi si ya bure. Pili, tazama maji yanavyotembea. Ute hupenda pembe ambazo mkondo haufiki, kwa sababu huko ndiko taka zinakotua. Tia chembe mbili za chakula ndani ya maji uone zinakopita na zinakokwama, kisha geuza pampu. Inashangaza ni wangapi waliotumia fedha nyingi kwa chupa wakati pampu ilikuwa inatazama ukuta.

Halafu maji unayotumia. Maji ya bomba na ya kisima yana silika, fosfati, nitrati, na wakati mwingine metali. Mwenyeji wa Dar es Salaam anayekunywa chai yenye ladha ya kisima anajua ninachosema. Maji ya kuchanganyia chumvi na ya kufidia yale yaliyokauka yawe yamepita kwenye mtambo wa kuchuja unaoyaacha karibu matupu, wa aina inayotumiwa na wauza maji ya kunywa mitaani, tena ikiwezekana yapite hatua moja zaidi ya usafi. Taa nazo: tangi lisilo na matumbawe mengi halina haja ya mwanga wa saa kumi na mbili, saa sita hadi nane zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Chakula, kiliwe kiishe ndani ya dakika chache. Na samaki waingie mmoja mmoja, wiki kwa wiki, kwa kuwa kila samaki ni mdomo, na kila mdomo una upande wake wa pili.

Hayo yote ni kumbana mvamizi. Kuleta wenyeji ni jambo jingine, na ndilo linalosahauliwa. Tafuta jiwe moja, hata la ukubwa wa ngumi, au kikombe cha mchanga kutoka kwenye tangi la mtu unayemwamini, lililokaa vizuri mwaka au zaidi. Ndani ya jiwe hilo kuna minyoo, vikamba vya kuonekana kwa taabu, bakteria wa aina nyingi, na chembe za ule mwani mgumu wa rangi ya waridi. Ongeza konokono wachache. Usiwatarajie waule ute, wengi wao hawautaki, na walio na akili wanaupitia mbali. Kazi yao ni kula kile kingine kinachoota, kuchimbua mchanga, kuufanya uso wa jiwe ukalike na hawa wanaokua polepole. Bahari ya Karibi ilitufundisha thamani ya walaji mwaka 1983, pale fuma weusi wenye miiba mirefu walipokufa kwa maradhi karibu wote katika eneo kubwa, na miamba mingi ikafunikwa na mwani. Hakuna aliyeongeza chakula mwaka huo. Walaji tu waliondoka.

Ndugu zangu wa pwani, nina neno kwenu hapa. Najua wazo linalopita kichwani: kwa nini ninunue jiwe, na mwamba uko pale, maji yakipwa naingia na ndoo? Usiingie na ndoo. Matumbawe magumu yamo katika Jedwali la Pili la mkataba wa CITES, biashara yake kuvuka mipaka inasimamiwa, na ndani ya hifadhi za bahari kuokota ni kosa. Zaidi ya sheria, mwamba wetu uliungua vibaya kwa joto la mwaka 1998, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, na mahali pengine bado panajijenga. Huwezi kuponya kiwanja chako kwa kubomoa cha jirani. Maji ya bahari nayo yanafaa, na ni bahati ambayo mfugaji wa Minnesota angeilipia, mradi uyachote mbali na mji na mito, maji yakiwa yamejaa, na kamwe si katika siku za masika wakati mafuriko yameteremsha mbolea na vyoo vya bara nzima baharini. Nyongeza nyingine kwa wasikilizaji wa Kenya: samaki wa mapambo wanaovuliwa kwenye pwani yenu husafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Basi tangi linaloshindwa ng'ambo kwa sababu ya haraka ni samaki wa Kenya aliyetolewa mwambani bure.

Amebaki mpingaji mmoja, na ndiye mgumu kuliko wote. Anasema: mimi tangi langu lina miaka minne, limejaa viumbe, na mwezi uliopita ute ulitanda. Kiwanja kitupu kiko wapi? Ni swali la haki. Namwomba aangalie nyuma wiki chache. Je, alitoa mawe akayapanga upya, au alibadilisha mchanga? Alitumia dawa ya kutibu samaki? Pampu imejaa uchafu, mkondo ukapungua bila yeye kujua? Kuna samaki aliyepotea na hakuonekana tena, yumkini amefia nyuma ya jiwe? Alibadili taa? Katika matangi mengi yaliyokomaa, ukifuatilia utakuta ama nafasi ilifunguka au mlo uliongezeka ghafla kuliko wenyeji wanavyoweza kuula. Si yote, nakubali. Yapo matangi ambayo ute huja na kuondoka bila mwenyewe kujua sababu, na anayekwambia ana jibu la kila tangi, mwulize anauza nini.

Basi itachukua muda gani? Wengi wangependa niseme wiki mbili. Ule mzunguko wa kwanza tu, wa bakteria kugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kwa kawaida, na huo ni msingi wa nyumba tu. Vumbi la kahawia huja, huondoka. Ute huja, hupungua, hurudi kwa kipande kidogo pembeni, hupungua tena. Miezi sita si mingi, na kwa mawe makavu huenda ukavuka hapo. Katika muda huo usihesabu ute peke yake. Chukua tochi usiku, saa mbili hivi baada ya taa kuzimwa, umulike upande wa jiwe. Ukiona vidudu vyeupe vidogo kama punje za chumvi vinakimbia mwanga, andika tarehe. Ukiona kwenye kioo, chini kabisa pembeni, doa gumu la rangi ya waridi lisilotoka kwa kitambaa, lisilo kubwa kuliko kichwa cha pini, usilikwangue. Liache hapo hapo, na wiki ijayo tazama kama limepata mwenzake.